"Waliojisajili ni wengi" si tathmini

Kazi yangu ni kufanya tathmini ya mifumo ya huduma za umma. Kila ninapoitwa, taarifa ninayokabidhiwa huanza na grafu inayopanda na idadi ya waliojisajili kwa maandishi makubwa. Wiki iliyopita nimeletewa tena, safari hii na halmashauri nyingine. Nimechoka kulisema hili vikaoni, naliandika.

Dhana: watumiaji wakiongezeka, huduma imefanikiwa.

Hapana. Ukishafunga dirisha la kaunta na kumwambia mwananchi kwamba leseni ya biashara haipatikani kwa njia nyingine, atajisajili tu, maana hana pa kwenda. Idadi hiyo inapima amri, haipimi huduma. Hata GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ya Tanzania ulioanza mwaka 2017 na ambao mimi nauheshimu sana, huwezi kuupima kwa wingi wa kontroo namba zilizotolewa. Uliza ngapi zilikwisha muda bila kulipwa, na kwa nini.

Nendeni steshenari. Karibu na kila ofisi ya halmashauri kuna duka la steshenari, na huko ndiko huduma yenu ya mtandaoni inakotolewa. Mwezi uliopita nilishinda kwenye duka moja la namna hiyo. Dada wa dukani ana kaunta buku yenye safu tatu alizopiga kwa rula: jina, simu, neno la siri. Wateja wake wote wamo humo. Akaja mzee mmoja muuza mbao. "Mwanangu, niingizie kama mwaka jana." Dada akafungua daftari, akamsomea kwa sauti namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, foleni nzima ikisikia. Mfumo ukakataa. NIDA ameandikwa Mohamedi, kwenye usajili wa mlipakodi ni Mohamed. "Baba, hii mpaka urudi ofisini." Mzee akalipa elfu mbili ya watu, akaondoka bila leseni.

Kwenye grafu, mzee yule ni mtumiaji hai. Kaingia, kajaza, kaongeza idadi. Hakuna safu inayosema kwamba ametoka mikono mitupu na kwamba neno lake la siri liko kwenye daftari la mtu.

Pimeni haya: wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi walimaliza bila kushikwa mkono, na ni siku ngapi tangu kuomba hadi leseni kupatikana. Jumlisheni na gharama ya mwananchi mwenyewe, yaani bando, nauli na pesa ya steshenari. Uingereza walipoanza kupima huduma zao za kidijitali, vipimo vya lazima vilikuwa vinne tu: gharama ya kila muamala, kuridhika kwa mtumiaji, kiwango cha wanaomaliza na kiwango cha wanaotumia mtandao badala ya njia nyingine. Wingi wa waliojisajili haumo.

Na ushauri ninaoutoa kila mahali: tafuteni watu kumi wasio watumishi, kila mmoja na simu yake, mkae nyuma yao kimya. Mkono wako ukikuwasha kumwonesha pa kubofya, hapo ndipo pana kasoro. Andika, usimsaidie.

Dhana: nchi imepanda kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya serikali mtandao, kwa hiyo huduma ni nzuri.

Kipimo kile kina sehemu tatu: miundombinu ya mawasiliano, elimu ya watu na huduma za mtandaoni. Mbili hazigusi kabisa mfumo wako. Ya tatu inaangalia huduma zipi zimewekwa mtandaoni, haimfuati mzee Mohamedi hadi dukani kwake.

Dhana: fedha ikiwepo, mfumo utafanya kazi.

Marekani walitumia mamilioni ya dola kwa mamia kwenye HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kujiandikisha bima ya afya. Tarehe 1 Oktoba 2013 wakaufungulia umma kwa mkupuo, bila kuujaribu vya kutosha mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza walifanikiwa kujiandikisha watu sita. Anza na kata mbili, ndugu yangu.

Dhana: tukishaingia mtandaoni, kaunta ifungwe.

Julai 2023 eCitizen ya Kenya, yenye huduma zaidi ya 5,000, ilishambuliwa ikalemaa. Wageni waliotakiwa kuomba viza mtandaoni ilibidi waahidiwe kupewa wakifika. Kaunta ni njia ya akiba, na ni haki ya asiye na simu janja.

Dhana: tathmini hufanywa mwisho wa mradi.

Hii ndiyo inayoniharibia kazi. Nikiuliza leseni ilichukua siku ngapi kabla ya mfumo, wananitazama. Sasa nitalinganisha na nini? Halmashauri ya wiki iliyopita nayo haikuwa na jibu, ila mtunza kumbukumbu alinivuta pembeni akaniambia rejista za zamani bado zipo masjala, kwenye maboksi. Jumatatu tunaanza kuzifungua: tarehe ya kuomba upande wa kushoto, tarehe ya kutolewa upande wa kulia.