Mita kusoma kubwa siyo kwamba zege lako ni zuri

Juzi tena. Bosi mmoja hapa Tabora kanipigia, "Injinia, tumepima ukinzani wa umeme kwenye slabu (yaani zege linavyozuia umeme kupita) umetoka kilo-om sentimita 90, hilo zege ni chuma!" Namuuliza mmepima lini, ananiambia mchana, mwezi huu wa tisa, slabu haijaonja tone la maji tangu mvua zikatike. Nikachoka kabisa.

Jamani, umeme kwenye zege haupiti kwenye kokoto, unapita kwenye maji yaliyomo kwenye vile vitundu vidogo vya ndani, sasa kiangazi kikikausha yale maji njia inakatika na namba inapaa yenyewe, hata kama zege lilichanganywa kwa kukadiria na maji yakamwagwa mpaka likawa uji. Subiri mvua za Novemba zikolee, rudi na mita ile ile sehemu ile ile, uone 90 yako itakavyoporomoka. Ni slabu ile ile, kilichobadilika ni unyevu. Na msinimwagie kikombe cha maji halafu mkapima hapo hapo, hapo juu kumelowa chini kukavu, namba inadanganya upande wa pili. Lilowanishe hasa, lisharabu, uso ukauke kidogo ndo upime. Joto nalo uandike, maana zege likipanda digrii 1 ukinzani unashuka kama asilimia 3 hivi. Namba isiyo na unyevu wala joto pembeni mimi hata siisomi.

Eti ukinzani ni nguvu ya zege? Hapana, nguvu utaijua kwa kuvunja kyubu, yaani kile kipande cha zege cha mchemraba cha kupimia.

Namba ndogo, tuseme chini ya 10 kilo-om sentimita, nayo haisemi nondo zimeshaoza. Inasema kutu ikianza itakimbia.

Wa Kigoma wao wananiambia ziwa letu maji baridi, halina chumvi, nondo ziko salama. Chumvi kweli siyo shida, ila hewa ukaa inaingia taratibu kwenye zege inaua ule ualikali unaolinda nondo, na kama kava, yaani zege linalofunika nondo, ni sentimita moja basi hesabu yake fupi.

Halafu zile pini nne za mita ya ukinzani, mtu anazipanga sambamba juu ya nondo! Umeme unakimbilia kwenye chuma, namba inashuka bure. Tafuta nondo kwanza, weka pini kwa mshazari katikati ya matundu ya wavu wa nondo, pima mara tano. Multimita ya fundi redio yenye waya mbili iacheni nyumbani.