Kabla Hujalipia Kozi ya CAD: Ushauri kwa Wabunifu wa Bidhaa na Wazazi Wanaowalipia Ada

Msimu wa usajili wa kozi fupi za CAD, yaani kubuni na kuchora kwa kompyuta, umeanza, na dawati letu limeshaanza kupokea malalamiko yaleyale ya kila mwaka. Kijana amelipa ada, amesoma wiki sita, amepewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, kisha ameenda kuomba kazi kiwandani na kuambiwa achore kipande kimoja tu. Ameshindwa. Anakuja kwetu akiwa na hasira, anataka tumsaidie arudishiwe fedha zake, na wengine wanataka tuwabadilishie cheti kile kiwe cha kwetu. Hilo la pili haliwezekani hata kwa barua ya mkuu wa mkoa, kwa sababu cheti chetu hutolewa kwa mtihani tu. La kwanza linawezekana mara chache, kwa kuwa mlalamikaji huwa hana risiti, hana mkataba, wala hana hata muhtasari wa kozi aliyoahidiwa.

Naandika nikiwa mkufunzi na mtahini. Naamini wengi wanaolipia kozi hizi wana nia njema na kiu ya kweli ya ufundi. Naamini pia kwamba wengi wa wanaozifundisha hawakukusudia kumdhulumu mtu. Shida ni kwamba pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo lisilo kweli: kwamba kujua CAD ni kujua kitufe kipi kiko wapi.

Shafti ya 25.4

Nitoe mfano mmoja, maana bila mfano watu hudhani tunawatisha.

Mwaka jana alikuja kijana anayefanya kazi na mafundi wa Vingunguti, Dar es Salaam. Alikuwa amebuni mashine ya kupukuchua mahindi, na kwenye skrini ilipendeza kweli: rangi, vivuli, hadi nyuzi za boliti zinaonekana. Shafti yake ilitakiwa kukaa kwenye beringi namba 6205, ambayo ni ya kawaida kabisa kwenye maduka ya vipuri. Tundu la beringi hiyo ni milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15. Mchoro wake ulisema shafti iwe 25.4. Fundi mkerezaji, mtu mwaminifu kwa kazi yake, akakereza 25.4 kama alivyoandikiwa. Beringi ikakataa kuingia. Wakapiga msasa kwa mkono mpaka ikaingia, shafti ikapoteza uduara wake, na baada ya siku chache za kazi beringi ikawa inaunguza vidole ukiigusa.

Kijana alituambia programu yake ni mbovu, imebadilisha vipimo yenyewe. Haikubadilisha chochote. Tulipofungua faili tulikuta limeanzishwa kwa kiolezo cha inchi. Mwalimu wake alikuwa akifundishia mazoezi ya Kimarekani aliyoyapakua mtandaoni, na hakuna siku aliyowaambia wanafunzi waangalie pembeni mwa skrini programu inatumia inchi au milimita. Kijana aliandika 1, akiamini inchi moja ni sawa na milimita 25. Hizo sehemu nne za kumi zilizobaki ndizo zilizoua beringi.

Hata angeandika 25 kamili, kazi ingekuwa bado nusu. Shafti inayozunguka ndani ya beringi ya ukubwa huo kwa kawaida huandikiwa 25 k6, yaani isipungue 25.002 wala isizidi 25.015. Mkerezaji ana nafasi ya mikroni 13 tu, yaani sehemu 13 za elfu za milimita, ya kuchezea. Mchoro usiosema mpaka wa juu na wa chini unamwachia fundi akisie, na akikosea lawama anabebeshwa yeye. Hili linaniuma, kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakikatwa fedha zao kwa makosa yaliyoanzia kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Yule kijana tulimrudisha mwanzo. Alichora upya kwa milimita, akaweka k6 mahali pake, na akampelekea fundi yuleyule. Kalipa haiwezi kuhukumu mikroni 13, kwa hiyo fundi aliazima maikromita. Ilisoma 25.01.

Tunavyotahini

Watu wengi huuliza mtihani wetu ukoje, na wakielezwa hawaamini kwamba hauna maswali ya kuandika kwa kalamu. Nitaeleza hatua kwa hatua ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Mtahiniwa anafika nusu saa kabla akiwa na kitambulisho halisi, si picha ya kitambulisho kwenye simu. Flashi na simu zinabaki mlangoni. Anakabidhiwa mchoro uliochapishwa kwenye karatasi ya A3 na kompyuta yenye faili tupu. Kwanza anaandika kwenye fomu kipimo anachotumia, aina ya chuma na uzito wake kwa kila sentimita ya ujazo. Asiyejaza sehemu hiyo hasahihishwi, na kila mwaka wapo wanaoiruka wakidhani ni ya urasimu. Kisha anajenga modeli na kuandika uzito wake kwa gramu. Uzito ndio jibu. Hatuangalii kama modeli inapendeza.

Chukua bamba la chuma la milimita 100 kwa 60, unene 10, lenye tundu la milimita 20 linalopita katikati. Kwa chuma cha gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, jibu ni gramu 446.3. Ukiandika 471 najua umesahau tundu. Ukiandika zaidi ya tani saba, najua umefanya kazi ya milimita ndani ya kiolezo kisicho chake. Namba moja inanieleza mengi kuliko picha kumi.

Halafu inakuja sehemu inayowaangusha wengi. Tunawaambia: sasa tundu liwe milimita 25, tena bamba lirefushwe hadi 120, tundu libaki katikati. Aliyejenga vizuri anabadilisha namba mbili na modeli inajipanga yenyewe. Aliyejenga kwa kukisia anaona tundu limebaki lilipokuwa, au alama nyekundu zimejaa kwenye orodha ya hatua zake, na saa inakwenda. Mwenye mazoea mazuri utamwona mapema: hatoki kwenye mchoro bapa ambao modeli hujengwa juu yake mpaka mistari ya buluu igeuke nyeusi kwenye programu ya SolidWorks, au mchoro wote uwe wa kijani kwenye FreeCAD. Rangi hiyo inamwambia kwamba kila mstari una kipimo au sharti linaloushika. Mitihani ya kimataifa ya SolidWorks, kama CSWA, nayo hupima kwa njia hii ya kujenga, kubadilisha na kutaja uzito. Kwa hiyo wanaosema sisi tunakomoa watu waache. Bidhaa ya kweli hubadilishwa mara nyingi kabla haijaingia sokoni, na mteja hatakusubiri uchore upya kila mara.

Atakayeshindwa anaruhusiwa kurudia baada ya siku 30, kwa ada ya mtihani peke yake. Hakuna kurudia siku ileile. Tafadhali msiwapigie simu watumishi wetu kuomba hilo.

Ndoo iliyoko nyumbani kwako

Kozi ya mbunifu wa bidhaa isiyotaja namna kitu kinavyotengenezwa haijakamilika, hata ingefundishwa kwa programu ya bei mbaya kuliko zote. Tazama ndoo ya plastiki ya nyumbani. Juu ni pana, chini ni nyembamba kidogo, ndiyo maana zinaingiliana zikipangwa dukani. Mwinamo huo unafanya kazi nyingine kabla ya hapo: ndoo isingechomoka kwenye moldi, yaani kalibu inayoipa plastiki umbo, kama kuta zingekuwa zimenyooka. Kwa vipande vingi vya plastiki tunaweka mwinamo wa digrii moja hadi mbili kila upande. Unene wa ukuta nao uwe sawasawa, kwa sababu penye unene mkubwa plastiki hupoa mwisho, inasinyaa, na juu yake panaonekana kishimo.

Mwanafunzi aliyechora kikombe chenye kuta wima na kitako kinene anadhani amemaliza. Mtengeneza moldi akikiona anarudisha faili bila maelezo. Muulize mwalimu wa kozi unayotaka kuilipia: mtafundisha mwinamo wa moldi? Mtafundisha bati likikunjwa linahitaji urefu gani kabla ya kukunjwa? Akikujibu kwamba hayo ni ya chuo kikuu, chukua fedha zako uondoke.

Muulize pia wanafunzi hukabidhi kazi kwa faili la aina gani. Faili la STEP husomwa na karibu kila programu ya kazi hii, ila orodha ya hatua za ujenzi haisafiri nalo. STL hubeba ngozi ya pembetatu tu, inafaa kwa mashine za kuchapa 3D na haifai kumpa mkerezaji. Anayelidharau jambo hili akumbuke ndege ya Airbus A380. Wasanifu wa Hamburg na wa Toulouse walitumia matoleo tofauti ya programu moja, CATIA, nyaya zikaja kuwa fupi wakati wa kuzifunga, na mwaka 2006 kampuni ikatangaza ucheleweshaji mkubwa wa kukabidhi ndege. Hao walikuwa na wahandisi wa kila aina.

Programu zilizochakachuliwa

Katika hili la kutumia programu bila leseni uvumilivu wetu umepungua. Tunasikia kila wiki: "Mimi najifunzia tu, sifanyi biashara." Wengine wanaamini kosa ni la anayeuza flashi pale mtaani, na mnunuzi yuko salama.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki hizo. Adhabu ziko mbili. Pasipo biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Penye biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Rudia kusoma hapo kwenye "pasipo biashara". Kituo kinachotoza ada huku kompyuta zake zote zina programu zilizochakachuliwa kiko kwenye kundi la pili. Tafsiri ya sheria katika kesi fulani ni ya mahakama, na mwenye shauri amwone wakili.

Ukiambiwa kuna "AutoCAD ya maisha" kwa bei ya chipsi kuku, jua kwamba Autodesk, kampuni yenye programu hiyo, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Hakuna wa kukuuzia.

Kinachonisikitisha ni kwamba njia halali zipo na hazitumiki. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu wa vyuo vinavyotambulika programu zake bure kwa mwaka mmoja mmoja, na unaweza kuhuisha ukiwa bado mwanafunzi. Huruhusiwi kufanyia kazi ya malipo. Fusion, nayo ya Autodesk, ina toleo la bure la matumizi binafsi, lenye mpaka wa mafaili 10 yanayoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. FreeCAD, mradi ulioanza mwaka 2002, ni bure hata kwa biashara, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 ina sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande. Hapo mwanzo itakusumbua kidogo kwa sababu menyu zake ni nyingi. Isikukatishe tamaa. Kanuni za kushika mistari kwa vipimo ni zilezile, na aliyezizoea huhama kwenda programu nyingine bila kuanza upya.

Usajili, na utaratibu wa kulalamika

Usajili wa chuo na idhini ya kozi ni vitu viwili. Chuo kinaweza kuwa na namba halali ya usajili ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, kwa ajili ya ushonaji na upishi, kikaanzisha CAD bila idhini yoyote. Kwa hiyo usiishie kuuliza "mmesajiliwa?" Omba namba, itafute kwenye tovuti ya baraza, kisha angalia kozi unayoitaka kama imo kwenye orodha ya chuo hicho. Ukikosa, andika barua kwa baraza ukaulize. Kuuliza hakulipiwi.

Na kwa wale wanaorudi na swali la ramani za nyumba: cheti cha CAD, cha kwetu au cha mwingine, hakikupi ruhusa ya kusaini michoro ya majengo. Hilo liko chini ya bodi za usajili: AQRB kwa wabunifu majengo na ERB kwa wahandisi. Tumeshalijibu mara nyingi.

Kwa aliyelipa tayari na ana shaka, aje akiwa na vitu vinne: risiti yenye jina la kituo (muamala wa simu uliokwenda kwa mtu binafsi hautoshi peke yake), tangazo au muhtasari wa kozi, cheti kama kimeshatolewa, na mafaili yenyewe aliyochora darasani. Picha za skrini hatupokei. Tunafungua faili mbele yako, tunabadilisha kipimo kimoja, na tunaandika kilichotokea kwenye fomu ambayo nakala yake unaondoka nayo. Dawati linafunguliwa Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi. Ukija na mwalimu wako tutawasikiliza wote wawili pamoja, na mara kadhaa tumemaliza shauri kwa mwalimu mwenyewe kukubali kuongeza wiki mbili za kufundisha vipimo.