Mchoro wa mashamba si picha ya kamera

Wengi huamini kwamba mchoraji wa mandhari aliyekulia katika nchi ya mashamba, tuseme Iowa nchini Marekani, alichora alichokiona tu, hivyo mchoro wake wa miaka ya 1930 ni kumbukumbu kamili ya mahali. Imani hiyo inaeleweka, maana ghala na uzio vimechorwa na mtu anayevijua.

Ila kazi kubwa kwa kawaida zilimalizikia studio. Shambani mchoraji alitengeneza mchoro mdogo wa rangi ya mafuta juu ya ubao, kisha akaupigia miraba na kuukuza kwenye turubai, mraba kwa mraba. Hapo ndipo mti ulihama, kilima kikaongezwa kimo, nguzo za umeme zikaachwa nje.

Kuhakiki, anza na barabara. Ardhi ya Iowa ilipimwa kwa miraba ya maili 1 kila upande, ekari 640, na barabara nyingi za mashambani hufuata mipaka hiyo. Barabara inayojipinda mchoroni itafute kwenye ramani kabla ya kuikataa. Kando ya mito zipo za kweli. Linganisha pia na picha za angani za mwishoni mwa miaka ya 1930, nyingi zikipatikana bure mtandaoni.

Kisha tazama msimu. Miganda ya nafaka ya oti ni ya Julai, mahindi makavu ni ya Oktoba. Vikikaa pamoja, mchoraji ameunganisha nyakati mbili. Zana na ujenzi wa ghala huaminika zaidi kuliko mahali vilipowekwa.