Hadubini ya eksirei si eksirei ya hospitali

Juzi nimelisikia tena, mjini Moshi, kwa mtu msomi kabisa: "Udongo upigwe eksirei kwenye hadubini tujue umepungukiwa mbolea gani." Sivyo. Hadubini ya eksirei hukuza picha ya kitu kidogo kwa kutumia mionzi ya eksirei badala ya mwanga wa kawaida. Mawimbi ya mionzi hiyo ni mafupi kuliko ya mwanga, kwa hiyo huonyesha vitu vya nanomita 30 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), wakati hadubini ya mwanga ya kawaida hukwama kwenye nanomita 200. Maana ndiyo hiyo, haina makuu.

Eksirei ya kifua ni kivuli tu, haikuzi kitu. Mionzi yake ni mikali, na chembe ya udongo wa mfinyanzi, isiyofika mikromita 2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ingepitwa bila kuacha alama. Udongo hutazamwa kwa eksirei laini, ambayo lenzi ya kioo huimeza. Badala ya lenzi huwekwa kisahani chenye duara nyingi, moja ndani ya nyingine, zinazozidi kuwa nyembamba kuelekea ukingoni. Wembamba wa duara la mwisho ndio unaoamua ukali wa picha.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kuisifu hadubini ya eksirei kwamba huona vidogo kuliko hadubini zote. Ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, imeiacha mbali. Ila ile ya kawaida ya elektroni hufanya kazi penye ombwe, yaani pasipo hewa, kwa hiyo sampuli lazima ikaushwe, na tope lililokaushwa si tope tena. Chota maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, wakati wa masika, uyaache kwenye ndoo hadi asubuhi. Mchanga utakuwa umetua, lakini maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Zilizobaki zikielea ni koloidi: vipande vya mfinyanzi na mboji vyenye chaji hasi, vinavyosukumana visizame. Tia shabu kidogo, vitaanza kushikana mafungumafungu na kwenda chini. Mafungu hayo yana maji katikati, yamelegea kama wavu. Ukiyakausha yanaporomoka, na ulichotaka kukiona kimepotea.

Hapo ndipo eksirei laini inapostahili heshima yake. Kati ya nanomita 2.3 na 4.4 za urefu wa wimbi, maji huzuia mionzi kidogo sana, lakini kaboni huizuia kwa nguvu. Mboji hutokea nyeusi ndani ya maji yake, bila kukaushwa wala kutiwa rangi, ilimradi tabaka la maji lisizidi mikromita chache. Timu ya Günter Schmahl kule Göttingen, Ujerumani, ilikuwa mstari wa mbele kuunda hadubini hizi tangu miaka ya 1970, na koloidi za udongo zikachunguzwa kwa hadubini hizo. Picha nzuri kwa kawaida huhitaji mionzi ya sinkrotroni, mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi hadi zitoe mionzi, ambao Afrika bado haina.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Arusha mnaoulizia kama hadubini hii itaonyesha floraidi ya kisimani, ile chumvi inayoharibu meno ikizidi: floraidi iliyoyeyuka si chembe, haina umbo la kupigwa picha. Hiyo hupimwa kwa elektrodi maabara, na kipimo cha kulinganisha ni kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mbolea nayo ina vipimo vyake vya kikemia.