Bangili Ikigoma Getini: Tunayoyaamini na Yalivyo Kweli

Mwanangu alikuwa na miaka sita siku bangili yake ya kielektroniki ilipogoma kwenye geti la bustani ya burudani. Dada yake aligusisha yake, taa ikawaka kijani, akapita. Yeye akagusisha mara nne, geti halikufunguka. Foleni nyuma yetu inazidi kurefuka, machozi yanamlengalenga, nami badala ya kumtuliza nikaanza kumkaripia: si nilikwambia usiogelee nayo?

Nilimwonea. Bangili ilikuwa nzima, na ukali wangu ulitokana na mambo ambayo wazazi wengi tunayashika kuhusu vifaa hivi bila kuyachunguza. Nayaandika kwa sababu nimeona familia nyingine zikiharibikiwa na asubuhi nzima kwa hofu ileile.

"Bangili ikigoma, tiketi imepotea"

Hii ndiyo dhana inayotisha kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Chukua mfano wa MagicBand, bangili zilizoanza kutumika kwenye bustani za burudani za Walt Disney World huko Florida, Marekani, mwaka 2013. Ndani yake hamna tiketi, hamna pesa, wala hamna namba ya kadi ya benki. Kuna chipu yenye namba ya utambulisho, pamoja na antena. Ukiisogeza kwenye kisomaji, namba hiyo inasomwa na kupelekwa kwenye mfumo mkuu, nao ndio unaojibu ni ya nani na ameruhusiwa nini. Bangili ni ufunguo tu. Tiketi yako imehifadhiwa kwingine kabisa, na hata ukiiangusha bangili ziwani, tiketi iko palepale.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba kila huduma huunganishwa na namba hiyo kivyake: chumba cha hoteli, tiketi ya kuingilia, malipo, picha. Kimoja kinaweza kukosekana na vingine vyote vikafanya kazi vizuri. Hicho ndicho kilichompata mwanangu. Kijana aliyekuwa zamu getini alitufikia kabla sijamwita. Alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamsalimia yeye kwanza, ndipo akaniuliza swali moja tu: bangili hii inafungua mlango wa chumba? Inafungua, na asubuhi ile mtoto mwenyewe ndiye aliyefungua. "Basi haina ubaya," akasema. Akaigeuza, akasoma namba ndogo iliyochapwa upande wa ndani, akaiingiza kwenye tableti yake. Chumba kilikuwa kimeunganishwa, tiketi haikuwa. Akaiunganisha palepale, akamwambia mtoto ajaribu tena. Kijani.

Nilimwomba mwanangu radhi kabla hatujaondoka pale getini.

"Maji yameiua" au "betri imekwisha"

Bangili hizi hutengenezwa na watu wanaojua fika kwamba wageni wataingia nazo kwenye mabwawa na kunyeshewa mvua. Kuoga nayo si kosa la mtoto.

Kuhusu betri, kuna jambo linalostahili kueleweka vizuri. Chipu inayosomwa kwa kugusisha haitegemei betri. Kisomaji hutoa mawimbi ya redio, antena ya bangili huyanasa, na nguvu hiyo kidogo inatosha kuiamsha chipu ijitambulishe. MagicBand za mwanzo zilikuwa na betri ndogo, lakini kazi yake ilikuwa kurusha mawimbi ya mbali, kwa mfano ili picha uliyopigwa ukiwa kwenye mchezo ikufikie bila kugusisha popote. Betri hiyo ikifa, geti bado linafunguka. Hata MagicBand+, iliyoingia mwaka 2022 na ambayo huchajiwa, ikiishiwa chaji hupoteza taa na mitetemo, lakini kugusisha kunaendelea.

Mara nyingi kinachogomesha usomaji ni umbali na haraka. Chipu ya aina hii husomwa kwa sentimita chache tu, na mtoto mwenye hamu ya kuingia huipitisha kama anayefukuza nzi. Ibandike kwenye alama ya kisomaji, itulize mpaka taa ibadilike. Saa ya chuma au bangili nyingine za chuma kwenye mkono huohuo huvuruga mawimbi, kwa hiyo hamishia mkono wa pili. Na usigusishe bangili mbili kwa pamoja. Kisomaji kinaweza kushindwa kujua kisome ipi.

Mlango wa chumba ni habari nyingine. Vitasa vingi vya hoteli vina betri zao wenyewe. Bangili za familia nzima zikikataliwa na mlango mmoja, anza kukishuku kitasa, upige simu mapokezi. Ikikataliwa moja peke yake, hiyo moja ndiyo ya kupeleka.

"Kidole kikikataliwa, wananiona mwizi"

Kwenye bustani zinazosoma kidole mlangoni, nimeona watu wazima wakitahayari mbele ya watoto wao kwa sababu hii. Hakuna aibu hapo. Kidole chenye mafuta ya kujikinga na jua, kilicholowa, au kilichokauka na kupasuka husomeka vibaya. Wengine hutumia kidole cha mkono wa kulia leo, kesho cha kushoto. Futa mkono, rudia kidole kilekile cha siku ya kwanza. Ikishindikana, kitambulisho chenye picha kinatosha kumwonyesha mhudumu.

Kwenye mageti ya Walt Disney World, kisomaji kikihitaji mtu aje kusaidia huwaka taa ya bluu. Hakipigi king'ora wala hakiwaki nyekundu. Rangi hiyo inamwita mhudumu, haikushtaki wewe.

"Inanifuatilia kwa satelaiti"

Hapana. MagicBand haina GPS. Ile yenye mawimbi ya mbali hutambuliwa pale tu palipofungwa vipokezi ndani ya bustani. Nje ya hapo ni mpira na plastiki mkononi. Mtu akitaka kuyaepuka kabisa mawimbi hayo ya mbali, kadi ya kugusisha hufungua geti lilelile.

Na aliyeokota bangili yako? Walt Disney World, malipo ya bangili huambatana na namba ya siri. Hata hivyo usikae nayo moyoni hadi jioni. Toa taarifa mara moja ili namba ya bangili hiyo izimwe.

"Wa getini hawana uwezo, twende ofisini"

Wengi huanza kwa kukimbilia ofisi ya huduma kwa wageni, wanapanga foleni juani, kumbe tatizo lingemalizwa pale lilipotokea. Wahudumu wa mlangoni wamefundishwa matatizo haya madogo na aghalabu wana kifaa cha kuyarekebisha. Lisilo ndani ya uwezo wao, kama tiketi iliyonunuliwa kwa jina lisilo sahihi, watakuelekeza mwenyewe wa kulimaliza, na baadhi yao hukusindikiza.

Nilichojifunza ni kuwarahisishia kazi. Piga picha ya upande wa ndani wa kila bangili siku unapoipokea, ili namba uwe nayo hata ikipotea. Weka namba ya uthibitisho wa tiketi kwenye simu mahali panapofunguka bila intaneti. Kama bangili za watoto zinafanana rangi, ziweke alama, maana zikibadilishana huzaa matatizo yasiyoeleweka kwa siku nzima. Na ukimfikia mhudumu, mwambie kinachofanya kazi na kisichofanya: "mlango inafungua, geti haifungui." Sentensi hiyo moja inampa nusu ya jibu.

Siku iliyofuata tulipofika kwenye geti lile, mwanangu hakuinyoosha bangili mara moja. Alisimama kwanza, akamtafuta yule kijana kwa macho, akampungia mkono. Kisha akagusisha, akaituliza, akapita.