"Si mwepesi wa hasira": maana yake nini?

Ibada ya jioni ikiisha hapa Mbagala, watu wakishaanza kukimbilia daladala, mara nyingi hubaki mtu mmoja anayejifanya anakunja viti. Namjua swali lake kabla hajalitoa. "Mwalimu, dhambi hii nimeitubu mara ngapi hata sijui. Mungu hajanichoka?" Anayeuliza hivyo hafanyi mzaha. Mwezi uliopita alilia, akaahidi, na amerudi kulekule. Nikitaka kumjibu inavyostahili, naanza na maneno yanayopatikana katika Kutoka 34:6, kwamba Bwana "si mwepesi wa hasira".

Kwa Kiebrania maneno hayo ni erekh appayim. Ukiyafasiri neno kwa neno unapata "mrefu wa pua". Neno lao la pua, af, ndilo hilohilo la hasira, kwa kuwa mtu akighadhibika pumzi humpanda na pua humtanuka. Mithali 14:17 inamtaja mtu wa upande wa pili, ambaye kwa Kiebrania ni "mfupi wa pua": huyo hulipuka papo hapo. Mrefu wa pua naye ana hasira, ila inasafiri njia ndefu kabla ya kutoka. Hapo wengi tunateleza. Biblia haikusema Mungu hana hasira. Mungu asiyekasirika mnyonge anapodhulumiwa angekuwa wa kutisha kuliko huyu.

Angalia pia alilisema jambo hilo wakati gani. Sura mbili nyuma, watu aliowatoa Misri wametengeneza ndama wa dhahabu na kumwabudu, na Musa amezivunja mbao za mawe chini ya mlima. Zimechongwa nyingine, Musa amepanda nazo, na ndipo Mungu anajitambulisha kuwa mwingi wa huruma, asiye mwepesi wa hasira. Anajitambulisha hivyo kuhusu watu waliokwisha kumwasi, na ambao wataasi tena.

Na kweli waliasi. Kitabu cha Waamuzi kinazunguka palepale: wanamwacha Mungu, wanaangukia mikononi mwa adui, wanalia, anawainulia mwokozi, nchi inatulia. Miaka 40 baada ya Othnieli. Miaka 80 baada ya Ehudi. Kisha wanarudia. Niliwahi kukisoma kitabu chote ndani ya juma moja, na kabla sijafika kwa Samsoni nilikuwa nimeshawachoka watu wale. Ila kuna mahali, sura ya 10, ambapo Mungu mwenyewe anawaambia hatawaokoa tena, waende wakaililie miungu waliyoichagua. Wao wanaiondoa miungu ile na kumtumikia Bwana. Mstari wa 16 unasema nafsi yake ikahuzunika kwa ajili ya taabu ya Israeli. Mstari huo nimeupigia msitari kwa kalamu nyekundu, maana unaonyesha kwamba uvumilivu wa Mungu unamuuma. Anayevumilia kwa sababu hajali haumii.

Basi uvumilivu huu si kufumba macho. Nina jirani, mama wa makamo, ambaye kijana wake mlevi. Kila usiku humwekea wali sahani moja, anaufunika kwa kawa, na komeo la mlango wa uani halipigi mpaka amsikie ameingia. Wanawake wenzake walimwambia anamharibu. Lakini mama huyohuyo ndiye aliyeuchukua ufunguo wa bodaboda na kuufunga kwenye pindo la khanga yake, kijana akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, na hakuutoa. Wali upo, ufunguo haupo. Sijaona mfano ulio karibu zaidi na neno hili.

Yesu naye alitoa wake, Luka 13. Mwenye shamba amefuata matunda kwenye mtini miaka 3 na hajapata, anaamuru ukatwe. Mtunza shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, autie samadi na kuupalilia kwa kuuchimbia pembeni. Mwaka ule haukuwa wa kukaa na kusubiri. Ni mwaka wa jembe na samadi. Na una mwisho, kwa kuwa mtunza shamba mwenyewe anasema usipozaa, ukatwe. Mhubiri 8:11 imeliona kosa letu zamani sana: hukumu isipokuja upesi, mioyo ya watu hupata ujasiri wa kutenda mabaya. Tunapewa muda, tunadhani tumepewa ruhusa.

Sasa msamaha. Neno letu "toba" limetoka kwenye Kiarabu, tawba, na asili yake ni kurejea. Kiebrania nacho kinatumia shuv, kurudi. Majirani zetu Waislamu wanamwita Mwenyezi Mungu At-Tawwab, mwingi wa kupokea toba, na katika Sura Az-Zumar, aya ya 53, waliojidhulumu nafsi zao wanaambiwa wasikate tamaa na rehema yake. Nalitaja hili kwa sababu katika jiji hili nyumba moja inaweza kuwa na msahafu na Biblia kabatini, na neno tunalitumia sote.

Kama toba ni kurudi, aliyerudi mara kumi amefanya toba mara kumi. Petro aliuliza kama mara saba zinatosha kumsamehe ndugu, akajibiwa saba mara sabini, na siamini Mungu anatudai tusamehe kuliko anavyosamehe yeye. Anayenitia hofu ni yule anayepanga dhambi na toba yake pamoja, kama mtu anayekopa huku ameshajua hatalipa. Huyo hajaondoka huko aliko, kwa hiyo hakuna kurudi. Na kurudi kunaonekana kwa vitendo: Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne aliowanyang'anya. Mhasibu wa duka la Kariakoo anayetubu fedha za bosi wake na bado anazo mfukoni, namwambia aanze na fedha.

Yule wa viti huwa ana swali la pili: "Na nikianguka tena kesho?" Namwambia arudi kesho hiyohiyo, asingoje Jumapili wala asingoje ajisikie msafi, na kabla ya kulala leo amtajie mtu mmoja anayemwamini ni wapi huwa anaangukia.

Kijana wa jirani yangu bado anakunywa, ingawa si kila siku. Wiki iliyopita mama yake alifungua pindo la khanga akamnyooshea ufunguo. Kijana akautazama, akasema, "Hapana mama, kaa nao kwanza."