Panya wa mfano katika utafiti wa uvimbe wa ubongo na neva

Panya wa mfano ni panya wa maabara aliyebadilishwa jeni kwa makusudi ili apate ugonjwa wa binadamu kwa chanzo kilekile. Ni tofauti na panya aliyepandikizwa seli za saratani za binadamu, ambaye lazima kinga yake iwe dhaifu ili asizikatae. Kwa panya wa mfano uvimbe huota wenyewe mahali pake, kati ya neva, mishipa ya damu na seli za kinga zilizo timamu.

Tuchukue neurofibromatosisi aina ya 1 (NF1), ugonjwa wa jeni unaoleta uvimbe kwenye neva, unaompata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000. Jeni ya NF1 hutengeneza neurofibromini, protini inayoizima protini nyingine iitwayo Ras, na Ras ndiyo inayoichochea seli kugawanyika. Mgonjwa huzaliwa na nakala moja mbovu. Uvimbe huanza pale seli fulani inapopoteza na ile ya pili.

Panya wa kwanza walioharibiwa jeni hii walitangazwa mwaka 1994, na hawakutosha. Waliokosa nakala zote mbili walifia tumboni kwa kasoro za moyo, na waliobaki na moja waliishi bila kupata neurofibroma, yaani uvimbe wa ala ya neva, wala uvimbe wa neva ya jicho. Ilibidi jeni ifutwe katika seli teule tu.

Hapo ndipo mfumo wa Cre na loxP unapoingia. Kipande muhimu cha jeni huwekewa alama fupi za DNA, loxP, kila upande. Kimeng'enya Cre hukiondoa kipande hicho, lakini kwenye seli zinazotengeneza Cre peke yake. Swichi, yaani kipande cha DNA kinachoamua jeni iwake katika seli zipi, ndiyo huamua Cre itengenezwe wapi: ya Krox20 huiwasha katika seli za Schwann, zinazofunika neva. Ya GFAP huiwasha katika astrosaiti, seli za ubongo zinazozitegemeza seli za neva.

Kuwapata panya hao kunahitaji subira. Ukimpandisha panya mwenye loxP kwenye nakala zote mbili na mwenzake aliyefutwa nakala moja na kubeba Cre moja, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ndiye anayefaa. Hukatwa kipande kidogo cha sikio au ncha ya mkia, kisha DNA hupimwa kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane. Ndugu zake wasio na Cre hutunzwa kwa kulinganishia. Bila wao matokeo hayana uzito.

Kosa linalosumbua zaidi ni Cre kuvuja. Ikiwaka kwenye mbegu au yai, jeni hufutika mwili mzima na kizazi kinachofuata huharibika kimyakimya. Kwa hiyo DNA ya viungo visivyohusika nayo ipimwe.

Uteuzi wa swichi nao hubadili jibu. Mwaka 2002, panya wa Krox20 walipata neurofibroma pale tu seli zilizozunguka neva nazo zilipokuwa na nakala moja pungufu, zikiwemo seli za masti, ambazo ni seli za kinga. Baadaye, kwa swichi ya Dhh, uvimbe ulitokea hata pale seli jirani zilipokuwa na nakala zote mbili. Anayetaja panya wa NF1 bila kutaja Cre aliyotumia hajasema kitu.

Kupima dawa, panya yuleyule hupigwa picha za MRI kabla na baada ya matibabu, maana kasi ya kukua kwa uvimbe hutofautiana kati ya panya na panya. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba kuizuia MEK, protini inayopokea ishara kutoka kwa Ras, hupunguza ukubwa wa neurofibroma. Selumetinibu, dawa ya kundi hilo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto kuanzia miaka 2 wenye neurofibroma za mtandao wa neva zisizoweza kupasuliwa.